Ukurasa wa Wasaliti

Edelmira huja Jumanne, saa kumi na mbili jioni,
buti za shambani anaziacha nje,
udongo wa Njoro ukikauka mlangoni pangu, Section 58.
Sarufi haimsumbui. Sarufi hunishinda mimi,
mwalimu wa miaka kumi na tisa,
ananisahihisha kwa adabu, kalamu mdomoni.
Kinachomsumbua ni utani wa mameneja,
maneno wanayorushiana kwenye chai ya saa nne
kama watoto na mpira wa makaratasi,
na yeye katikati, mikono wazi,
hadaki kitu.

“Mideva, kwa nini mtu akifa
wanasema amepiga ndoo teke?”
Sijui. Kwetu Vihiga anayepiga ndoo teke
ni aliyechoka kungoja maji.
“Na mvua ya paka na mbwa?”
Nachungulia nje. Menengai imejitanda wingu,
mabati ya jirani yameanza kuhesabu matone.
Andika tu, namwambia. Usitafute paka.

Nyuma ya daftari ana ukurasa wa wasaliti:
maneno ya Kiingereza yenye sura ya ndugu zake,
ukiyafungulia mlango, kumbe ni wageni kabisa.
Mwaka jana alikwenda kwa meneja
kumwambia ana mimba.
Akachukua neno la kwao, akalivika koti la Kiingereza,
likatoka: nina aibu.
Meneja akampiga bega: usijali, dada,
hata mimi hunipata, hasa mbele ya wanunuzi.

Tulicheka hadi chai ikamwagika.
Nikafuta meza. Nilipoinua macho
alikuwa bado anaitazama sehemu iliyolowa.
“Hakukaa,” akasema. “Miezi minne.”

Wodini, juu ya mlango, palikuwa na kibao cha kijani,
kinawaka usiku kucha, herufi nne,
kinachowaonyesha watu pa kutokea.
Kwao neno hilo, likiongezwa herufi moja tu mwishoni,
ni mafanikio.
Alilala chali akilisoma hadi alfajiri.

Nikafungua kitabu changu cha nahau,
kile kinene, chenye jalada la gundi na subira.
Kuna nahau za njaa, za ulevi, za kuchelewa treni.
Nilipekua.
Nikakifunga.

Mimi Kiingereza nilivishwa shingoni:
kipande cha mbao, uzi wa katani.
Aliyeteleza akasema Kimaragoli
alikivaa hadi kengele ya jioni,
na viboko vilimngoja kwenye mwembe wa ofisini.
Leo nakiuza kwa saa, shilingi mia nane,
na sijui nimuuzie nani uzi ule.

Nilimsimulia. Hakushangaa.
Bibi yake, huko Cayambe, chini ya mlima wa theluji,
alipigwa rula vidoleni
kwa lugha iliyokuwa pale kabla ya Kihispania.
Lugha gani?
“Kichwa,” akasema.
Nikadhani anaumwa.
“Hapana. Lugha yenyewe. Jina lake Kichwa.”
Nikagusa kipaji changu: kwetu kichwa ni hiki.
Akagusa chake, taratibu,
kama anayepapasa mlango gizani.
“Basi ndimo ilimojificha,” akasema.

Mvua ilikuwa imekolea sasa,
hatukusikilizana.
Akagonga meza kwa kiganja, akaitaja kwa lugha yake:
mesa.
Nikagonga: meza.
Akanyanyua bakuli la sukari, akataja.
Nikataja. Karibu sawa.
Tukazunguka sebule yangu ndogo hivyo,
tukigonga vitu kama mafundi wanaotafuta bomba ukutani,
mara nyingi tukikosa.

Saa mbili alivaa buti zake.
Pesa aliziacha chini ya sosa, kama kawaida.
Na kazi ya nyumbani, kama kawaida, hakuifanya:
nahau ishirini za mafanikio.